Ufunguo Niliokwenda Nao Randburg

Wanangu, mmeniomba niwaambie mawili matatu kuhusu kazi ya ulinzi, kwa kuwa wengi wenu mmeanza kuvaa sare na kusimama kwenye mageti ya watu hapa mjini. Najua mlipopanda ngazi kuja kwenye chumba changu hiki cha Bellevue mlitaka kusikia habari ya siku ile ya marungu. Nitaisimulia, maana siwezi kuikwepa. Lakini siyo inayonifanya niinamishe kichwa nikipita Joubert Park. Kinachoniinamisha ni siku niliyokwenda kuzungumza mbele ya wabunge wa jimbo, nimevaa sare iliyopigwa pasi, nina ufunguo shingoni.

Kwanza kazi yenyewe. Mimi ni Wilondja, mtu wa Baraka, upande wa Fizi. Kwetu nilikuwa nauza mafuta ya mawese. Nilipofika Johannesburg, Kiingereza changu kilikuwa "yes" na "sorry", na kazi pekee iliyonitaka ilikuwa ile ya kusimama. Nikadhani kusimama ni rahisi. Mkae mkijua kwamba asubuhi hapa ina baridi ya kukata masikio, na mtu asiyejua kubadilisha mguu mmoja baada ya mwingine atakuwa amelala kabla ya saa nne, huku macho yake yako wazi.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kizulu, Sithole, ambaye sote tulimwita Mkhulu, yaani babu. Alikuwa mfupi, ana kofia iliyomzidi kichwa, na mfukoni alitembea na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kila Jumatatu alizunguka jengo zima akidondosha mafuta kwenye makufuli, anafungua, anafunga, anafungua tena. Mimi nilikuwa nikimngoja kivulini, nikisema moyoni kwamba uzee una mambo. Alinifundisha kusalimia. "Wena, Wilo," alisema, "mwizi hapendi salamu. Mwenye nyumba ukimsalimia anaitika. Mwizi ukimsalimia anaanza kukueleza anakokwenda." Jaribuni hilo, mtaona. Alinifundisha pia kuangalia viatu kabla ya uso, maana uso hujiandaa, viatu havijiandai. Na ufunguo uviringishwe kitambaa, usije ukalia na kutangaza kwamba mlinzi anakuja.

Sasa msidhani nilikuwa mwanafunzi hodari. Wiki zangu za mwanzo walikuja vijana wawili na ovaroli safi, wamebeba kochi la mpangaji wa ghorofa ya kwanza, wanahema. Niliwasalimia. Wakaitika vizuri sana! Nikawafungulia geti, nikashika mguu mmoja wa kochi, tukalipandisha kwenye baki yao nyeupe, kile kigari cha mizigo, wakaninunulia soda kwenye duka dogo la spaza. Mwenye kochi aliporudi jioni akanikuta bado nina chupa mkononi. Mkhulu Sithole alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Eish, umewalinda vizuri wezi," akasema. "Hakuna aliyewaibia." Ile aibu ilikuwa ndogo. Niliichekea mwenyewe baada ya mwezi, na hadi leo naisimulia harusini.

Mkhulu alistaafu akarudi kwao, nikabaki na jengo peke yangu zamu za mchana. Ni jengo la zamani pale Joubert Park, si mbali na stesheni, vyumba vimegawanywa kwa mbao na mapazia, lifti ilikufa kabla sijafika. Mbele kuna ngazi moja ya saruji, na ukutani mwa ngazi hiyo ndiko ziliko mita na nyaya zote za umeme. Nyuma kuna ngazi ya chuma, ya dharura, inateremka mpaka kwenye kiwanja kidogo chenye geti la nondo linalotokea uchochoroni. Likumbukeni hilo geti la nyuma.

Katika jengo hilo aliishi Mama Consolata, Mrundi, fundi cherehani, ghorofa ya pili. Mumewe ni Désiré. Désiré alianguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakilijenga, miguu ikafa, na tangu hapo anakaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Jumapili vijana humbeba mpaka chini aende kanisani, siku nyingine dunia yake ni lile dirisha. Mtu mpole, lakini ulimi anao.

Basi, ile siku ya marungu. Ilikuwa adhuhuri. Watu walikuja wakiimba barabarani kwamba wageni watoke, wana rungu, wana nondo, na maduka yalishaanza kufungwa. Nililisukuma geti la mbele nikalifunga, kisha nikakimbilia la nyuma, ambalo siku zote lilikuwa na kufuli la kitoto. Nilikuwa na kufuli jipya, zito, la stoo ya kampuni. Nikalitia. Walipozunguka uchochoroni walilipiga mpaka cheche zikaruka, mimi niko ndani, nimebana mgongo ukutani, naomba kwa Kibembe, lugha ya mama yangu. Kufuli halikulegea. Walichoka wakaenda.

Wanawake walishuka wakipiga vigelegele. Mama Consolata alinishonea kifuko cha kitenge, chekundu chenye maua ya njano, kina kamba ya kuvaa shingoni, niutie ufunguo. Watoto wakaanza kuniita Baba Funguo. Nilipokuwa nikipita kwenye korido watu walinipisha, hata wale waliokuwa wakinidharau kwa sababu ya Kiswahili changu cha Kongo. Nisiwafiche, nililipenda jina lile. Mtu aliyesimama miaka mingi kwenye geti la wengine bila kuulizwa hata jina lake, ukimwita Baba Funguo umemlisha.

Nikaapa kwamba geti lile halifunguliwi tena. Takataka zitatokea mbele. Jeneza likibidi litatokea mbele. Na ufunguo hauachwi kwa mtu, hata niende chooni. Umri ulipofika kampuni ikaniambia asante, lakini wapangaji wakakutana wakasema mzee abaki awe mwangalizi wa jengo, nikapewa kachumba chini ya ngazi. Kila asubuhi nilikwenda nyuma, nalishika kufuli, nalitikisa kwa nguvu. Halifunguki? Vizuri. Narudi kunywa chai. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na niliifanya kwa moyo.

Siku moja msimamizi wa mwenye jengo alileta wapaka rangi. Walipaka kuta za mbele, wakapaka geti la nyuma, rangi nyeusi nzito, nondo na kufuli vyote kwa pamoja. Geti likapendeza. Niliwasifu.

Halafu kukawa na moto. Moto mdogo, msiogope. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, mtu akaacha mshumaa karibu na pazia la korido, pazia likashika. Mama Consolata alilizima kwa blanketi lililolowa. Lakini moshi ulipanda ngazi ya mbele wote, watu wakakimbilia juu kwenye paa wakiwa na watoto na mabegi, wakakohoa huko mpaka hewa ikasafika. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba ufunguo wa nyuma. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kachumba changu, mkono shingoni, tayari kabisa. Nikafikiri hawakuniomba kwa sababu moto ulikuwa mdogo.

Baada ya moto ule Mama Consolata hakutulia. Alisikia kanisani kwamba wabunge wa jimbo wanapima bajeti ya usalama na ya kujiandaa na maafa, na kwamba kamati yao itakaa kwenye ukumbi mmoja Randburg, mbali na kwetu, wananchi waje waseme. Kulikuwa na fungu la magari na vifaa vya zimamoto, kulikuwa na fungu la kamera na walinzi, na kulikuwa na fungu dogo la kuwafundisha wakazi wa majengo ya zamani namna ya kutoka moto ukiwaka, na kuyatengeneza majengo hayo yatokeke. Fedha zilikuwa chache, na katika haya moja lazima lingepungua.

"Mzee, twende," akaniambia. "Mimi nitaogopa. Wewe watu wanakusikiliza. Sema maneno mawili tu: tunataka mtu wa kutufundisha kutoka. Basi."

"Maman, acha, hiyo ni kazi yangu," nikamjibu. Alinipigia sare pasi mpaka mikunjo ikasimama.

Tulifika mapema. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na meza ya chai nyuma, na mbele meza ndefu wamekaa wabunge. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, anasikiliza kila mtu mpaka mwisho hata aliyepayuka. Pembeni yangu alikaa dada mmoja mzimamoto, Nomsa, mwenye mabega mapana, naye anangoja zamu yake. Alinisalimia, "Sawubona, Baba." Akaniambia amekuja kuomba ngazi ndefu na fungu lile la mafunzo, kwa sababu kila wakiitwa kwenye majengo ya mjini wanakuta watu hawajui mlango uko wapi. Nikamwambia hilohilo ndilo langu. Tukapeana mikono.

Kabla yetu alizungumza bwana mmoja wa kuuza kamera. Akasema mafunzo hayazuii uhalifu, mlango uliofungwa ndio unaozuia. Wanangu, nilimpigia makofi. Mama Consolata alinitazama kwa jicho la pembeni.

Nilipoitwa nilisimama, nikavuta sare. Nilikuwa nimejiandaa kusema yale maneno mawili. Lakini mtu akishapewa kipaza sauti! Nilianza na Mkhulu Sithole. Nikaenda kwenye siku ya marungu, nondo na cheche, na watu wakawa wananisikiliza kweli, wengine wanatikisa vichwa. Nikaona hata yule bwana wa kamera ameweka simu chini. Nikajisikia mkubwa.

Mwenyekiti akasubiri nipumue. "Asante, Baba," akasema. "Pole kwa yaliyowapata. Niambie, jengo lenu lina njia ngapi za kutokea?"

"Mbili, Mheshimiwa. Ya mbele, na ya nyuma."

"Na ile ya nyuma iko wazi?"

"Wazi?" Nilicheka kidogo. "Hapana, Mheshimiwa. Imefungwa barabara. Tangu siku ile hakuna aliyepita."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi mwenyewe. Siuachi kwa mtu yeyote."

"Na sasa hivi uko wapi, Baba?"

Nikafungua kifungo cha shati. Nikatoa kifuko cha kitenge, nikatoa ufunguo, nikauinua juu ili hata walioko nyuma wauone. Nilikuwa natabasamu. Nalikumbuka lile tabasamu kuliko kitu chochote katika maisha yangu ya kazi, na kila nikilikumbuka nageuza uso ukutani hata nikiwa peke yangu.

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakafuata, kisha kicheko kikakatika chenyewe, mimi bado mkono uko juu. Nikamtafuta Mama Consolata kwa macho nione kama amefurahi. Alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili, sauti ndogo, "Désiré yuko juu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wa jengo zima wako Joubert Park na mshumaa wao na nyaya zao, na mimi niko Randburg na mlango wao mkononi. Mkono wangu ulikataa kushuka. Mwenyekiti hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliuliza tu kwa upole, "Kuna mwenye gari anayeweza kumrudisha Baba sasa hivi?"

Nomsa alikuwa ameshasimama. Zamu yake ndiyo ilikuwa inafuata. Alimwangalia mwenyekiti, akaniangalia mimi, akachukua funguo zake za gari. Tulipokuwa tunatoka nilisikia yule bwana wa kamera akimwambia jirani yake, "Sasa hawa wapewe fedha za nini?"

Tukaenda mbio mpaka robot ya pili, zile taa za barabarani. Hapo Mama Consolata akapiga simu nyumbani, akaongea Kirundi, akashusha pumzi: hakuna moto, Désiré anakula maharage. Nikamwambia Nomsa tumshukuru Mungu, arudi tu akazungumze, sisi tutapanda teksi. Akasema, "Baba, nimeshatoka. Nataka kuona hilo geti."

Nyani haoni kundule. Hata hapo, wanangu, nilikuwa bado nadhani kosa langu ni kuondoka na ufunguo. Nilimtangulia Nomsa nikipanga moyoni nitakavyotengeneza: nitachonga wa pili, nitampa Mama Consolata, nitaomba radhi Jumapili, mambo yataisha. Nikafika kwenye kufuli, nikaingiza ufunguo. Haukuingia.

Rangi ilikuwa imejaa kwenye tundu mpaka mdomoni. Nilikwangua kwa msumari, ukaingia nusu. Nikazungusha kwa mikono miwili, ukapinda kama kijiko cha bati. Ndani kulikuwa na kutu tupu. Kufuli nililokuwa nikilitikisa kila asubuhi nikasema vizuri, lilikuwa limekufa siku nyingi, na mimi nilikuwa nimevaa shingoni kipande cha chuma kisichofungua kitu.

"Mara ya mwisho kulitia mafuta ilikuwa lini?" Nomsa akauliza.

Nilikiona kichupa cha Mkhulu Sithole waziwazi, na yule mzee anainama, anafungua, anafunga, anafungua tena. Nilikuwa nimechukua kwake kufunga, kufungua nikamwachia aende nako kwao. Na mafuta ya cherehani yalikuwapo jengoni siku zote, juu ghorofa ya pili, kwa fundi cherehani.

Nomsa alitoa mtaimbo kwenye buti la gari. Aliuchomeka, akaegemea kwa yale mabega yake, mara moja, mara ya pili, kufuli likaruka. Kufuli lililowashinda wanaume wa barabara nzima lilivunjwa na dada mmoja asiyetoa hata jasho. Wapangaji walikuwa wamejaa kwenye ngazi ya chuma wakitazama. Nikageuka niwaone wakishangaa. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanaangalia miguu yao, kama watu waliofika msibani kwa mtu wanayemheshimu.

Nilipanda kwa Désiré. Nikakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

"Mulijua?" nikamuuliza.

"Tulijua, Mzee. Tangu wapake rangi. Watoto walijaribu kuingiza njiti ya kiberiti, ikagoma."

"Na mukanyamaza."

"Tungekuambiaje? Wewe ndiye ulituokoa. Mtu hamwambii baba yake mbele ya watu kwamba suruali imechanika."

"Mungeniambia pembeni."

Désiré akatabasamu, akaangalia dirisha. "Mzee, tulijaribu. Mke wangu alikuuliza kama lile geti halihitaji mafuta kidogo. Ukamwambia mambo ya geti mwachieni mwenye geti. Basi, tukaona tukuheshimu."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu mtu hasahau anachoambiwa, husahau anachowaambia wengine. Nikarudisha mguu nyuma chini ya kitanda, kisigino kikagonga kitu laini kilichokunjwa. Nikainama nikakivuta.

Ilikuwa kamba. Ndefu, nene, imesukwa kwa vitenge vilivyochanwa, kila baada ya nafasi ina fundo la kushikia, na mwishoni ina kitanzi kipana cha kumkalisha mtu mzima. Vitenge vya rangi nyingi, na kimojawapo chekundu chenye maua ya njano. Nikashika kifuko changu shingoni. Kitambaa kimoja.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

Désiré hakuangalia. "Ya dirishani, Mzee. Chini pale kuna paa la gereji ya jirani. Vijana watanishusha." Halafu akaongeza, "Siyo kwamba hatukuamini."

Wanangu, nimetukanwa katika mji huu. Nimeambiwa nirudi kwetu kwa lugha zote za hapa. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile la mtu mpole anayejitahidi kutoniumiza. Wale watu walikuwa wamejiandaa na maafa, sawasawa, bila mbunge wala bajeti. Na katika maandalizi yao walikuwa wamenihesabu mimi upande wa moto. Niliona aibu hata ya kulia mbele yake.

Wabunge walimaliza kazi yao. Tulisikia baadaye kwamba magari na vifaa vimepita, na fungu la mafunzo ya majengo ya zamani limesogezwa mbele hadi ijulikane kwanza nani anasimamia milango ya majengo hayo. Sisemi ni kwa sababu yangu peke yangu, wale ni watu wazima na walisikia wengi. Lakini aliyekuwa alisemee vizuri lile fungu alikuwa Nomsa, na zamu yake ilipita akiwa uchochoroni kwetu anavunja kufuli. Hakunilaumu. Aliwafundisha watu wa jengo bure Jumamosi moja, wote walishuka ngazi ya chuma huku wakicheka, Désiré amebebwa mbele kabisa. Watu wa majengo ya jirani hawakupata mtu wa kuwafundisha. Ninapita hapo, naona mageti yao ya nyuma na makufuli yao, na siwezi hata kuingia kuwashauri. Ningewaambia mimi ni nani?

Nikahama. Walinisihi nibaki, lakini watoto waliendelea kuniita Baba Funguo, kwa mapenzi, na kila walipoita nilijiona nimeinua ule mkono Randburg. Ndiyo maana mnanikuta huku.

Mkiuliza basi tufundishwe nini na mzee aliyeaibika, nitawaambia hivi: mlango ujaribuni kwa kuufungua, kuufunga si ushahidi. Geti la dharura liwe na komeo la ndani linalofunguka kwa mkono wa mtoto, hata kama nje mnawaogopa watu, na najua kuna sababu ya kuwaogopa. Nunueni mafuta. Na siku wadogo zenu watakapoanza kuwaheshimu sana, wanawapisha, hawawabishii, hebu wakalisheni chini muwaulize wanaficha nini chini ya kitanda. Tulilelewa kuambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la wadogo, miguu inayovunjika si yake.

Juzi Mama Consolata alinipigia simu. Akasema, "Mzee, njoo kidogo, Désiré ana shida." Nikaenda mbio. Nilipita nyuma, geti lina komeo sasa, nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena. Juu nikamkuta Désiré kwenye kiti chake, kamba imetandazwa sakafuni chumba kizima.

"Mzee," akasema, "imekaa muda. Hatujui kama mafundo bado yana nguvu. Wewe una mikono. Hebu vuta."

Ilikuwa mara ya kwanza waniombe kitu tangu nihame. Mama Consolata alishika kitanzi, tukafunga upande wa pili kwenye bomba la chuma lililo chini ya dirisha, nikazungusha kamba viganjani, nikaweka mguu ukutani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Na Mungu aliye juu anajua nilichokuwa nakiomba. Nilikuwa naomba ikatike, niwaambie haifai, warudi kunihitaji.

Haikukatika. Nikavuta tena. Kamba ilishika.

"Inafaa," nikawaambia.